Miaka Ishirini na Mitano

Juzi binti yangu alinipigia simu usiku, saa nne imekwisha kupita. Mwaka huu ametimiza miaka 25. Ana stashahada yake kabatini, na tangu asubuhi hadi magharibi anakaa katika kibanda cha kutuma na kupokea fedha kwa simu, karibu na stendi ya mabasi. Hakuwa mgonjwa, wala hakuwa na shida ya fedha iliyozidi ile ya siku zote. Alisema, "Baba, naamka, naenda kazini, narudi, nalala. Sioni kitu cha kunisukuma. Wewe ulipokuwa na umri wangu ulikuwa unataka nini?"

Nilimjibu kama wazazi tunavyojibu: vumilia, mwanangu, mambo yatakuwa mazuri. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya, Baba, lala salama." Nikajua kwamba sikumjibu. Makala haya ni jaribio la kumjibu, na kwa kuwa naamini si yeye peke yake anayeuliza, nimeona niyaweke mahali ambapo wengine pia wanaweza kuyasoma.

Mimi nilitimiza miaka 25 mwaka 1995. Nilikuwa karani wa ghala mjini Tanga, nimepanga chumba kimoja Ngamiani. Kazi yangu ilikuwa kuandika: mzigo gani umeingia, una uzito gani, umetoka lini na kwa hati namba ngapi. Wanaokumbuka miaka ile hawana haja ya kuelezwa. Vyama vingi vilikuwa vimeruhusiwa mwaka 1992, na Oktoba 1995 tulikwenda kwenye uchaguzi mkuu wa kwanza tangu mfumo huo urudishwe. Katika vijiwe vya kahawa hapakuzungumzwa jambo jingine ila mageuzi. Wakati huohuo mashirika ya umma yalikuwa yanauzwa, viwanda vinafungwa, na neno lililotisha kuliko yote kazini lilikuwa ni "kupunguzwa".

Katika hali kama ile kijana mwenye akili timamu angeishika kazi yake kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa na barua ya kuacha kazi mfukoni mwa shati. Niliiandika mwezi wa Februari, nikatembea nayo hadi Mei, mikunjo yake ikaanza kuchanika. Nilitaka kuwa mwandishi. Niliamini kwamba ghala lile, na vumbi lake, na leja zake, vilikuwa vinaniua moyo, na kwamba mahali fulani, pengine Dar es Salaam, palikuwa na mwanga unaonisubiri. Jambo moja tu lilinizuia. Mdogo wangu wa kike alikuwa kidato cha tatu, na nusu ya mshahara wangu ilikuwa ada yake. Kila nilipoigusa barua ile nilijua ninagusa nini.

Jumapili moja ya masika nilipanda basi kwenda Pangani. Njia ilikuwa tope tupu, abiria tulishuka mara mbili kulisukuma basi. Sikuwa na ndugu Pangani. Nilikwenda kwa sababu ya Shaaban Robert. Nilikuwa nimesoma *Maisha Yangu*, nikajua kwamba aliwahi kuwa karani wa forodha huko. Nilidhani kwamba nikisimama alipopata kusimama mtu yule, nitaokota kitu alichokiacha.

Pangani ni mji wenye umri mkubwa kuliko majengo yake. Kabla ya Wajerumani ulikuwa mlango wa misafara ya bara, pembe za ndovu zikishuka hapo kuelekea Unguja. Hapo ndipo watu wa pwani walipoanza kuwapinga Wajerumani mwaka 1888 wakiongozwa na Abushiri, na hapohapo Pangani ndipo Abushiri aliponyongwa Desemba 1889. Baadaye reli ilianza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893, na biashara ikahamia iliko reli. Karani kijana aliyepangiwa Pangani katika miaka ya ukoloni wa Kiingereza hakupelekwa mahali mambo yanapotokea. Alipelekwa mahali mambo yalipokuwa yametokea zamani.

Jengo la forodha la zamani lilikuwa limefungwa. Mbuzi wamelala kivulini mwake, mto unapita mpana na mwekundu kwa mvua za bara, pantoni inakwenda Bweni na kurudi. Mzee mmoja alikuwa anashona wavu ukutani. Aliniuliza, "Unatafuta nini, kijana?"

Nikamwambia, "Shikamoo, mzee. Naangalia tu. Hapa ndipo alipofanya kazi Shaaban Robert."

"Marahaba," akajibu, bila kuinua macho kwenye wavu. "Wamefanya kazi hapa watu wengi."

Sikuipenda kauli ile. Nilikaa gatini hadi basi la kurudi, na sikuokota kitu.

Leo, baada ya miaka mingi ya kusoma historia kwa kujifurahisha, nadhani najua nilikosea wapi. Sisi huyasoma maisha ya watu kuanzia mwisho. Tunamjua Shaaban Robert wa vitabu, kisha tunarudi nyuma kumtafuta karani, na tunamkuta karani anang'aa kwa sababu sisi tumekwisha kumulika taa. Yeye mwenyewe hakuwa na taa hiyo. Tumhesabie. Alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, karibu na Tanga. Akasoma Dar es Salaam kuanzia mwaka 1922 hadi 1926, akaajiriwa forodhani mwaka huohuo wa 1926, na humo akakaa hadi 1944, Pangani na vituo vingine. Ni miaka 18. Alipotimiza miaka 25, mwaka 1934, alikuwa amekwisha kutumikia minane, na kumi ilikuwa bado inamsubiri. Dunia nzima ilikuwa katika mdororo wa uchumi ulioanza mwaka 1929, na bei ya mkonge, uliokuwa tegemeo la mkoa wote wa Tanga, ilikuwa imeanguka. Karani Mwafrika katika serikali ya kikoloni alijua vizuri kabisa ngazi yake inaishia wapi. Hata lugha ya kuandikia ilikuwa bado inapangwa: kamati ya kuisanifu ilianza kazi mwaka 1930.

*Maisha Yangu* kilitoka mwaka 1949, mwandishi ana miaka 40. *Kusadikika* kilitoka mwaka 1951, ana miaka 42. Basi kutoka kijana wa miaka 25 hadi *Kusadikika* kuna miaka 17. Hiyo ndiyo miaka ambayo sisi wasomaji huivuka kwa mstari mmoja: "alifanya kazi ya ukarani." Lakini yeye aliiishi siku moja moja, kama binti yangu anavyoishi kibandani.

Alikuwa anafanya nini katika siku hizo? Jibu limebaki kwenye karatasi. Mwaka 2002 zilichapishwa barua zake kwa mdogo wake, Yusuf Ulenge, za kuanzia mwaka 1931 hadi 1958. Barua ya kwanza aliiandika akiwa na miaka 22. Mtu anayezifungua akitafuta umeme wa ilhamu ataona badala yake mambo ya nyumba, ya fedha, ya kazi na ya vitabu. Tena lilikuwapo gazeti la *Mambo Leo*, lililoanza mwaka 1923, ambalo lilikuwa na nafasi ya mashairi, na makarani na walimu wa nchi nzima wakilishana mafumbo humo na kujibizana. Yeye pia aliandika humo. Kwa maneno mengine, hakuwa anasubiri kuanza. Alikuwa anaandika barua kwa ndugu, beti kwa gazeti, na hesabu kwa serikali, na nadhani mkono ulikuwa mmoja.

Shaaban Robert huyohuyo aliandika wasifu wa mtu mwingine ambaye miaka yake ya ujana ni kimya kikubwa zaidi. Huyo ni Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, akaitwa Mtumwa, na jina lile halikuwa la mzaha: utumwa Unguja ulikuwa bado halali, haukufutwa kisheria hadi mwaka 1897. Jina la Siti, yaani bibi mwenye heshima, alilipata baadaye. Alipokuwa na umri wa binti yangu alikuwa mwanamke wa shamba asiyejua kusoma, anayebeba vyungu kutoka Fumba hadi mjini kwa miguu na kuvitembeza mitaani. Inasimuliwa kwamba watu waliisikia sauti yake ikinadi vyungu kabla hawajamwona mwenyewe.

Alihamia mjini yapata mwaka 1911, akiwa amekwisha kupita miaka 30. Akajifunza kuimba na ala, akajiunga na wapigaji, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi santuri. Umri wake ulikuwa unakaribia miaka 50. Sauti ya mwanamke Mswahili ikaanza kusikika katika mashine, mahotelini na majumbani, pwani nzima. Alifariki mwaka 1950.

Nikiwaweka wawili hawa pamoja naona kwamba hawafundishi somo moja, na hili nataka binti yangu alisikie vizuri. Mmoja alibaki kwenye meza yake miaka 18. Mwingine aliondoka kijijini akaenda mjini, na kama asingeondoka tusingemjua. Kwa hiyo siwezi kumwambia mtu abaki, wala siwezi kumwambia aondoke. Ninachoweza kusema ni kwamba kile walichokuja kukitumia baadaye walikuwa nacho mkononi katika kazi za kila siku: huyu kalamu, yule sauti. Siti hakuikuta sauti yake Bombay. Aliipeleka huko.

Lakini bado neno la mzee wa wavu linanisumbua. Wamefanya kazi hapa watu wengi. Wako wapi wale wengine? Wanawake wangapi walibeba vyungu njia ile ya Fumba? Makarani wangapi waliandika beti usiku? Mmoja nilimjua mwenyewe, na hapa ndipo aibu yangu ilipo.

Katika ghala letu meza ya jirani ilikuwa ya mzee aliyebakiza miaka michache kustaafu. Alikuwa mtunzi. Kila hati iliyoharibika aliigeuza, na mgongoni mwake akaandika ubeti kwa penseli: kuhusu marobota ya mkonge, kuhusu mizani iliyokuwa inadanganya, kuhusu vijana wanaotaka kupanda mnazi kutoka juu. Alikuwa akinisomea wakati wa chai. Nilicheka kwa adabu, nikamwambia, "Ahsante, mzee," nikarudi kwenye barua yangu ya kuacha kazi. Nilikuwa natafuta ilhamu, na mtu aliyekuwa nayo nilimwona kama sehemu ya vumbi la ghala.

Alifariki mwaka 1998. Kwenye msiba, baada ya arobaini, nilimwuliza mkwewe kuhusu karatasi zile. Mama yule alijibu bila ubaya wowote kwamba zilikuwa nyingi mno, zilikuwa zimejaza sanduku, akampa muuza vitumbua wa mtaani zimfae. Basi mashairi ya miaka thelathini yalikwenda na mafuta ya vitumbua. Mimi ninakumbuka vina vya baadhi yake, maneno siyakumbuki. Ningeweza kuyanakili yote. Nilikuwa na kalamu, nilikuwa na leja, na nilikuwa na muda wa chai kila siku kwa miaka mitatu.

Barua yangu je? Jioni ile ya kurudi kutoka Pangani basi lilikwama tena, safari hii kwa saa mbili. Kwa uchovu tu wa kukaa, nilitoa kalamu nikaandika niliyoyaona: mbuzi, wavu, neno la yule mzee, akina mama waliokunja khanga hadi magotini wakisukuma basi huku wakiimba. Sikuwa na karatasi nyingine ila ile ya mfukoni. Barua yenye maandishi mgongoni haipelekwi kwa meneja. Nilikusudia kuinakili upya wiki ile, kisha wiki iliyofuata. Mdogo wangu alimaliza kidato cha nne mwaka 1996. Mwaka 1997 nilipunguzwa pamoja na wenzangu wengi, na wala barua haikuhitajika. Karatasi ile ninayo hadi leo. Ndiyo maandishi yangu ya kwanza ambayo sioni haya kuyasoma.

Sikuwa Shaaban Robert. Nimekuwa mwalimu wa kujitolea, mfanyabiashara mdogo, na mtu anayeandika makala wakati wa usiku. Sijutii. Ninalojutia ni sanduku lile.

Jana nilimpigia simu binti yangu. Sikumweleza haya yote, maana vocha ingekwisha. Nilimwuliza tu, "Mwanangu, leo nani alikuwa mteja wako wa kwanza?"

Alifikiri kidogo. Kisha akaniambia kuhusu bibi mmoja anayefika kila mwisho wa mwezi kupokea fedha kutoka kwa mwanawe aliyeko Mwanza. Bibi hajui kusoma. Humwomba amsomee ujumbe, na akimaliza humwomba amsomee tena, ingawa ujumbe wenyewe ni kiasi cha fedha na jina la mtumaji tu. "Anataka kulisikia jina, Baba," akasema.

Nikamwambia aliandike hilo kabla hajalala. Akauliza aliandike wapi. Nikamwambia popote, hata mgongoni mwa karatasi yoyote, mradi isiende kwa muuza vitumbua.