Draiva Aliyekwama Ronge

Likizo moja nilipanda kwetu Ronge na laptopu ya mitumba niliyoiwekea Linux, nikijigamba kwamba saiba imehamia kijijini. Simu yangu ilikuwa kwa fundi Voi, na nyumbani kulikuwa na kabambe ya nyanya tu. Jirani alituruhusu kutumia Wi-Fi yake, nami nikaidaka kwa kidude cha USB nilichonunua bei ya kutupa. Binamu yangu alikuwa na fomu ya mkopo wa HELB, siku ya mwisho kesho yake.

Usiku laptopu nikaisasisha. Asubuhi kidude kimezima, hata taa haiwaki.

"Kaka, si ulisema hii haina shida?"

Sikuwa na jibu. Akachukua boda hadi Mwatate, kisha matatu hadi Voi, akajaza fomu saiba jioni. Nauli ilitoka kwenye pesa za nyanya za mahindi.

Aliyekwama si draiva wa matatu. Ni ile programu ndogo inayosimama kati ya chipu na keneli, yaani kiini cha Linux, ikimtafsiria kila mmoja maneno ya mwenzake. Na historia yake ni historia ya lugha.

Miaka ya 1990, Jean Tourrilhes wa Hewlett-Packard aliandika Wireless Extensions, amri za pamoja za kadi zisizotumia waya. Lakini kila draiva iliachiwa pia namba 32 za kujiwekea amri zake binafsi. Hapo ndipo balaa: namba ileile iliweza kumaanisha jambo moja kwenye kadi hii na jingine kabisa kwenye ile. Hakuna aliyelazimika kusema yeye ni nani.

Mwaka 2007 ikaingia nl80211, ambayo Johannes Berg ni mmoja wa waandishi wake wakuu. Lugha ilikuwa moja, safi. Ila watengenezaji walikuwa na mambo ambayo lugha hiyo haikuwa na neno lake. Basi keneli 3.14, iliyotoka Machi 2014, ikaufungua tena mlango wa amri za mtengenezaji, safari hii kwa sharti: kila amri itangulize kitambulisho cha mwenyewe, namba ya biti 24, ya aina ileile inayoanzia anwani za MAC. Qualcomm Atheros hutumia 00:13:74, Google 00:1A:11. Amri ya kwanza ya huyu haiwezi tena kudhaniwa ni ya yule.

Sisi Wataita tunalijua hili bila kompyuta. Kidawida hubadilika mlima hadi mlima, na Msagala ana chake. Tukikutana soko la Voi tunaongea Kiswahili, ambacho nacho kilisanifiwa na kamati iliyoundwa 1930 kwa kufuata Kiunguja. Neno la kwenu halikatazwi sokoni. Sema tu ni la wapi, tukuelewe.

Sasa, kidude changu kilikufa kwa nini? Msimbo wake ulikuwa huria, mtu yeyote angeweza kuusoma. Lakini ulikaa nje ya keneli, umeandikiwa toleo la zamani. Ndani ya keneli, anayebadilisha mpangilio hurekebisha pia draiva zote zinazouguswa. Aliye nje hujitegemea, na mtengenezaji wangu alishahamia chipu nyingine. Kwa hiyo uhuria peke yake hautoshi. Ndiyo maana naupenda ule mlango wa 2014: unampunguzia mtengenezaji kisingizio cha kubaki nje. Ana la kwake? Aje nalo, ajitambulishe, akae na wenzake.

Miaka miwili baadaye nilipanda tena Ronge. Watu nisiowajua walikuwa wameandika draiva mpya ya chipu ileile, ikapokelewa ndani ya keneli. Nikachomeka kidude, taa ikawaka.

Binamu, aliyekuwa nyumbani kwa likizo ya chuo, akachungulia. "Umesasisha?"

"Nimesasisha."

"Na nauli ya nyanya?"

Hiyo bado nalipa.