Kodi na kazi ya kuhariri filamu Kenya

Ndugu zangu wa pwani huniuliza: kazi ya kuhariri filamu inapunguziwa kodi au la? Mimi naifanyia Jericho, Nairobi, jirani na uwanja wa Camp Toyoyo, na jibu langu ni kwamba inapunguziwa, lakini kidogo.

Tangu Julai 2023, huduma inayouzwa nje hutozwa VAT ya asilimia sifuri. Mteja akiwa Berlin na kazi ikatumika huko, bei yako haibebi ile asilimia 16. Mteja akiwa Nyali kodi ipo, ila kwa aliyesajiliwa, na usajili ni lazima mauzo yakifika shilingi milioni 5 kwa mwaka. Vijana wengi wenye kompyuta moja hawafiki hapo. Vifaa vya filamu navyo, kwa sheria ya 2020, hukatwa asilimia 25 kwa mwaka katika hesabu ya kodi ya mapato, lakini kwa mtayarishaji mwenye leseni. Mhariri wa chumbani, pole.

Afrika Kusini wameitengea kazi hii fungu lake: mgeni akitumia kuanzia randi milioni 1.5 hurejeshewa asilimia 20, na kiwango hupanda hadi 25. Kweli, Januari 2025 watu wa filamu waliandamana Cape Town kwa malipo kuchelewa. Hata hivyo mimi nautaka mpango kama huo hapa. Lamu haihamishiki, ila picha zilizopigwa Lamu hutiwa kwenye diski moja tu, zikaondoka na ujira wa mhariri, wa fundi sauti na wa fundi rangi.