Chuma kilikuwa kizima: historia ya mashine yangu ya kuchonga

Ukimwambia mtu hapa Keroka kwamba umenunua mashine, swali la kwanza ni moja: inasaga magunia mangapi kwa siku? Yangu haisagi kitu. Ni mashine ndogo ya mezani ya kuchonga vyuma. Kisu chake huzunguka juu, na kipande unachokichonga hufungwa kwenye meza inayosogea chini ya kisu. Ni tofauti na mashine ya kukereza, ambayo huzungusha kipande chenyewe huku kisu kikiwa kimetulia. Uzito wake haufiki mfuko wa saruji. Niliitoa kwa muuza vyuma chakavu, ambaye aliichukua kwenye chuo kimoja kilichokuwa kikiondoa vifaa vya zamani. Aliniuzia kwa kilo.

Jinsi ya kupangusa kutu wengi wenu mnaijua, kwa hiyo sitakaa sana hapo. Ninachotaka kueleza ni kwa nini mashine hii ilikufa na kwa nini iliwezekana kuifufua. Majibu yote mawili yamo katika historia. Historia hiyo inaanzia Marekani, inapita kwenye karakana za reli jijini Nairobi, na inamhusu kila mtu anayeandika programu, mimi nikiwemo.

Nini hasa kilikuwa kimekufa

Nilipoifungua nilikuta kutu ya juu juu, ambayo ilitoka kwa mafuta ya taa na brashi. Skrubu ndefu zinazosukuma meza zilikuwa nzuri. Beringi zilihitaji grisi mpya tu. Mota tatu za kusogeza meza na kisu nilizipima kwa mita, na nyaya zote za ndani zilikuwa nzima. Kilichokufa kilikuwa sanduku la kudhibiti, lililounganishwa na kompyuta ya enzi za Windows 98 kupitia ile poti ya printa yenye pini 25. Programu yake ilikuwa kwenye disketi ambayo hakuna aliyejua ilikokwenda, na kompyuta za leo hazina poti hiyo tena.

Kwa hiyo chuma kilikuwa kizima, mota zilikuwa nzima, lakini mashine ilitupwa yote kwa sababu ya disketi moja.

Mabawa ya helikopta

Wazo la kuendesha mashine ya kuchonga kwa namba lilitokana na helikopta. Miaka ya 1940 John Parsons alikuwa na kiwanda katika mji wa Traverse City, Michigan, akitengeneza mabawa yanayozunguka juu ya helikopta. Umbo la bawa ni mkunjo ambao haupimiki kwa rula. Parsons aliona kwamba mashine za IBM za kadi zilizotobolewa zinaweza kukokotoa pointi nyingi za mkunjo huo, kisha fundi akasogeza kisu pointi baada ya pointi. Hatua iliyofuata ilikuwa kuziacha namba zenyewe zisogeze kisu.

Mwaka 1949 Jeshi la Anga la Marekani lilimpa mkataba, naye akaileta maabara moja ya chuo cha MIT kwenye kazi hiyo. Septemba 1952 MIT walionyesha watu mashine kubwa ya kampuni ya Cincinnati ikichonga kwa kufuata matundu kwenye utepe wa karatasi, ikidhibitiwa na vali za kielektroniki, kwani wakati huo transista ilikuwa bado changa.

Kulikuwa na njia nyingine. Kampuni ya General Electric ilikuwa imejaribu kabla ya hapo mtindo ambao fundi anachonga kipande cha kwanza kwa mikono yake, mashine inarekodi mwendo wake kwenye utepe wa sumaku, kisha inaurudia. Mtindo huo ulifanya kazi, lakini njia ya namba ndiyo iliyopata fedha za jeshi. Mwanahistoria David Noble aliandika mwaka 1984 kwamba sababu moja ilikuwa mamlaka: ujuzi ukikaa kwenye utepe ulioandikwa ofisini, fundi hana tena la kusema. Wapo wasiokubaliana naye, lakini swali lake ni zuri. Ujuzi wa kazi unakaa wapi, na nani ana ufunguo?

Lugha ambayo kila mtu anaweza kuisoma

Kutoboa utepe kwa mkono ilikuwa kazi ya kuchosha. Douglas Ross na wenzake pale MIT wakaunda lugha ya kompyuta iliyoitwa APT, na mwaka 1959 waliwagawia waandishi wa habari visahani vya alumini vya majivu ya sigara vilivyochongwa kwa lugha hiyo. Hata hivyo kila mtengenezaji wa mashine aliendelea kuwa na lahaja yake. Ndipo chama cha viwanda vya elektroniki vya Marekani kikaweka kanuni iitwayo RS-274. Toleo lake la D lilipitishwa mwaka 1980, na mwaka 1982 shirika la viwango la ISO likatoa kanuni yake ya 6983 kuhusu jambo hilohilo. Mafundi huiita lugha hii msimbo wa G. Tazama mistari hii mitatu:

G21
G90
G1 X20 Y10 F100

Wa kwanza unasema vipimo ni milimita. Wa pili unasema hesabu zote zianzie kwenye sifuri moja. Wa tatu unasema nenda kwa mstari ulionyooka hadi milimita 20 upande huu na 10 upande ule, kwa mwendo wa milimita 100 kwa dakika. Basi. Ni maandishi ya kawaida ambayo unaweza kuyaandika kwenye Notepad au hata kwenye daftari. Faili iliyoandikwa zaidi ya miaka 40 iliyopita bado inasomeka leo. Nyie mnaoandika programu, jiulizeni ni faili zetu ngapi zitasomeka baada ya miaka 40.

Nyayo, gari tunalolicheka

Sisi Wakenya tuna sura yetu katika historia hii, ila tumezoea kuisimulia kama kichekesho. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari. Magari matano ya majaribio, Nyayo Pioneer, yalikamilika, na mwaka 1990 yalizinduliwa uwanjani Kasarani. Yaliweza kufika kilomita 120 kwa saa. Baada ya hapo fedha za kuyatengeneza kwa wingi hazikupatikana, na hadithi ya gari ikaishia hapo.

Lakini huwezi kutengeneza injini kwa nyundo na tupa peke yake. Unahitaji mashine zinazokata kwa usahihi, na usahihi huo siku hizi ni wa namba. Kampuni iliyoundwa kwa ajili ya gari hilo ilikuja kubadilishwa ikawa Numerical Machining Complex. Soma jina lenyewe: ni mahali pa kuchonga kwa namba. Iko Nairobi kwenye eneo la karakana za reli, na imekuwa ikitengeneza vipuri na gia. Kwa hiyo mradi huo uliacha kitu, ila si kile kilichopigiwa vigelegele. Gari lilikufa, uchongaji ukabaki.

Tatizo ni kwamba ulibaki Nairobi. Fundi wa chereheni hapa sokoni akivunjikiwa na kipande kidogo cha alumini, ana njia tatu: kukichomelea kikae mwezi mmoja, kutuma mtu Nairobi, au kununua mashine nyingine kuukuu. Njia zote hizo ni hela.

Mashine za mezani

Mashine ndogo zilipata bahati yao kupitia printa. Kompyuta ya IBM PC ya mwaka 1981 ilikuja na soko la poti ya printa ambayo programu ingeweza kupandisha na kushusha umeme wa pini zake moja moja. Mota ya stepa inahitaji ishara mbili tu: moja ya kusema "piga hatua", nyingine ya kusema "upande gani". Mota tatu ni pini sita. Wapenda ufundi wa Ulaya na Marekani waligundua kwamba kompyuta kuukuu ya nyumbani inaweza kufanya kazi iliyokuwa ya kabati zima la elektroniki.

Hapo ndipo njia zikagawanyika. Wauzaji wengine walifunga kila kitu: sanduku lao, programu yao, disketi yao. Yangu ni ya ukoo huo. Upande wa pili, taasisi ya viwango ya serikali ya Marekani, NIST, iliandika miaka ya 1990 programu ya kuendesha mashine iliyoitwa EMC. Kwa sheria yao, kazi ya serikali haina hakimiliki nchini mwao, kwa hiyo chanzo chake kilikuwa wazi kwa yeyote. Watu wa kujitolea wakaiendeleza, na tangu 2011 inaitwa LinuxCNC. Mwaka 2009 Simen Svale Skogsrud wa Norway akaandika Grbl, programu huria ndogo inayoingia kwenye Arduino, ile bodi ndogo iliyozaliwa Ivrea, Italia, mwaka 2005.

Mwaka huohuo wa 2009 nyaya za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa kupitia baharini. Nilikuwa shule ya msingi na sikuelewa lolote, lakini bila mambo hayo mawili mashine yangu ingekuwa imeyeyushwa ikawa nondo.

Nilichofanya

Niliondoa sanduku la zamani lote. Mahali pake niliweka Arduino Uno yenye Grbl, bodi tatu za kuendesha mota na chanzo cha umeme cha volti 24. Hesabu muhimu ni moja. Mota inazunguka duara moja kwa hatua 200. Bodi inagawanya kila hatua mara 8, kwa hiyo ni hatua 1,600 kwa duara. Skrubu inasogeza meza milimita 2 kwa duara. Gawanya: hatua 800 kwa kila milimita. Andika namba hiyo kwenye Grbl na mashine inajua milimita ni nini.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, mashine inasahau ilipo. Kwa hiyo kila kazi naianza kwa kutoboa tundu moja la alama pembeni. Umeme ukirudi naelekeza kisu kwenye tundu hilo, naita hapo sifuri, naendelea.

Mambo mengine hayamo kwenye programu yoyote. Mzee mmoja mchomeleaji wa karibu na soko alikuja kutazama nikijaribu kipande cha alumini. Alisikiliza kidogo akasema, "Kijana, punguza. Kinalia." Nilishusha F100 ikawa F60 na sauti ikatulia. Akanionyesha pia jinsi ya kushusha kisu juu ya karatasi nyembamba hadi karatasi ikwame, ili ujue kisu kimegusa. Kabla ya saa moja kuisha alikuwa ameandika mstari wake mwenyewe wa msimbo wa G kwa kalamu ya risasi, na ulikuwa sahihi. Nikamkumbuka Noble. Namba zilizosemekana kumpokonya fundi kazi, hapa fundi ndiye aliyezishika na kuzirekebisha kwa sikio lake.

Kazi ya kwanza ya maana ilikuwa bamba la alumini la milimita 6 la kushikilia mota ya chereheni. Lina matundu manne na mfereji mmoja. Faili yake ni mistari 61. Likivunjika tena nitaichonga ileile.

Kabla hujauza kwa kilo

Najua kuna vyuo na karakana nyingine zenye mashine kama hii, zimefunikwa gunia kwenye kona kwa sababu "kompyuta yake ilikufa". Ombi langu ni dogo. Kabla ya kuita muuza chuma chakavu, zungusha skrubu kwa mkono na upime mota kwa mita. Vikiwa vizima, ulichopoteza ni disketi, na disketi ina dawa.

Na ukitumwa kununua mashine mpya, iwe ya chuo, ya kiwanda cha majani chai au ya zahanati, muulize muuzaji swali moja kabla ya bei: kampuni yako ikifunga kesho, mimi nitaongea na mashine hii kwa lugha gani? Akikosa jibu, hesabu bei yake kwa kilo tangu leo.