Riwaya za uhalifu za Mlima Kenya: mshtakiwa ndiye msimuliaji

Kitabu cha My Life in Crime kilipoingia madukani mwaka 1984, mwandishi wake hakuwepo kutia sahihi nakala ya mtu yeyote. Alikuwa bado kifungoni. John Kiriamiti, mzaliwa wa Kamacharia, Murang'a, alikuwa ametumikia miaka 13 kati ya 20 aliyohukumiwa kwa wizi wa mabavu, na aliachiliwa Agosti mwaka huohuo, miezi michache baada ya kitabu kutoka. Miaka 40 imepita na zaidi. Kitabu kimechapishwa tena na tena, wala hakijakosa wasomaji.

Mwandishi anapozeeka na kazi zake za ujanani zikaendelea kurudi sokoni, ni haki kuuliza kilichozifanya zidumu. Kwa Kiriamiti, jibu haliko kwake peke yake. Liko katika historia ndefu ya maandishi ya miji iliyouzunguka Mlima Kenya, kuanzia Nyeri na Karatina hadi Nanyuki na Murang'a. Huko, hadithi ya uhalifu haikusimuliwa na mpelelezi. Ilisimuliwa na mtu aliyesimama kizimbani.

Pwani mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alimtoa Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, mwungwana mwenye kiko mdomoni anayepanga dalili moja baada ya nyingine hadi muuaji akajulikana. Tanzania Bara ikampata Willy Gamba wa Elvis Musiba katika Kufa na Kupona mwaka 1974, jasusi anayeitumikia serikali yake kwa bastola na ngumi. Wote wawili wapo upande wa haki, na msomaji hatishiki kuwafuata. Ukipanda Nyeri humpati Bwana Msa, na sababu yake ni ya kihistoria.

Tarehe 21 Oktoba 1956, Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau dhidi ya ukoloni, alipigwa risasi na kukamatwa pembezoni mwa msitu wa Nyandarua. Alishtakiwa mjini Nyeri mwezi uliofuata kwa kosa la kupatikana na bastola, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Mwaka 1958 kikatoka London kitabu cha msako huo, The Hunt for Kimathi. Aliyekiandika, pamoja na Philip Goodhart, ni Ian Henderson, ofisa wa polisi aliyeuongoza msako wenyewe na aliyekisema Kikuyu barabara. Kina vishawishi vyote vya riwaya ya upelelezi: nyayo msituni, waasi waliogeuzwa wakawa wasakaji, mtego unaobana usiku hadi usiku. Lakini msomaji wa Nyeri alijua kwamba mpelelezi anayesimulia ndiye serikali ya mkoloni, na kwamba anayeitwa mhalifu amezikwa kaburi lisilojulikana na hawezi kujibu.

Majibu yalitoka kwa waliofungwa. J. M. Kariuki alichapisha kumbukumbu zake za kambi za kizuizini mwaka 1963, mwaka wa uhuru. Gakaara wa Wanjau, aliyeendesha kiwanda chake cha uchapishaji mjini Karatina, alitiwa mbaroni hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, akaandika shajara akiwa kizuizini. Shajara hiyo ilisubiri hadi mwaka 1983 kuwa kitabu, Mwandĩki wa Mau Mau Ithaamĩrio-inĩ, na mwaka 1984 ikampa Tuzo ya Noma, iliyokuwa mojawapo ya tuzo kubwa za vitabu barani Afrika. Gakaara hakuwa mwandishi wa kizuizini tu. Aliandika hadithi za mapenzi na za vichekesho kwa Kikuyu, akazichapa mwenyewe na kuwauzia watu wa kawaida, na baadhi alizitoa upya baada ya miaka.

Kwa hiyo mwaka 1984 eneo hili lilikuwa na vitabu viwili vya wafungwa mikononi mwa wasomaji kwa wakati mmoja: cha mzee wa Karatina aliyefungwa kwa siasa, na cha kijana wa Murang'a aliyefungwa kwa kuiba. Makosa yao hayafanani hata kidogo. Kinachofanana ni mahali walipoandikia.

Kati ya vizazi hivyo viwili alikuja Meja Mwangi, aliyezaliwa Nanyuki mwaka 1948, mji wa kambi za wanajeshi na mashamba ya walowezi. Riwaya yake ya Kill Me Quick ya mwaka 1973 inawafuata vijana wawili, Meja na Maina, waliomaliza shule wakashuka Nairobi na vyeti vyao kutafuta kazi. Kazi hawakuipata. Walipata mapipa ya taka, kisha genge, kisha seli. Kitabu kilishinda Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka 1974, na kikaweka wazi swali ambalo wanasiasa wa enzi hiyo hawakulipenda: nani aliwatengeneza wezi hawa? Baadaye Mwangi alizitoa upya kazi zake kadhaa chini ya jina la HM Books.

Mwaka 1975 tawi la Heinemann jijini Nairobi, chini ya Henry Chakava, lilianzisha mfululizo wa Spear Books: vitabu vyembamba, bei nafuu, vya mapenzi, hela na bastola. Wakosoaji wa vyuo vikuu walivibeza. Wasomaji walivinunua kwa sababu vilitaja mitaa na baa walizozijua, ilhali mwandishi wa riwaya za uhalifu James Hadley Chase aliwapeleka Marekani. Kiriamiti alitoka katika mfululizo huo.

Maisha yake mwenyewe yalimpa malighafi. Wazazi wake walikuwa walimu wa shule ya msingi, na yeye alifika sekondari akafukuzwa kidato cha kwanza baada ya mgomo. Akiwa na umri wa miaka 15 alikuwa akichomoa pochi za watu Nairobi. Kutoka mifukoni akahamia magari, kutoka magari akahamia benki. Wizi uliomfunga ulifanyika Naivasha Novemba 1970. Januari 1971 akahukumiwa miaka 20 na viboko 48, akiwa hajatimiza miaka 21. Mwaka huohuo wa 1971 sheria ya adhabu ilibadilishwa, na wizi wa mabavu ukawa kosa la kunyongwa. Angefikishwa kortini baadaye kidogo, huenda tusingekuwa na kitabu cha kuzungumzia. Aliandika akiwa gerezani, na mswada ukatolewa nje kisirisiri.

Nguvu ya My Life in Crime ni kwamba hakuna mtu wa kumfasiria msomaji mambo. Jack Zollo, jina ambalo msimuliaji anajificha nyuma yake, hakupi nafasi ya kukaa pembeni na kuhukumu. Anakuonyesha jinsi mwenzake anavyomsukuma mwenye pochi ili asihisi mkono mwingine. Unajikuta unamwombea atoroke. Ndiyo maana vijana walikipenda, na ndiyo maana wazazi wengi walikificha. Wazazi hawakukosea kabisa. Kitabu kinamalizika kwa kifungo, lakini raha ya kurasa za katikati ni kubwa kuliko onyo la mwisho.

Inaonekana Kiriamiti mwenyewe alilijua hilo, kwani vitabu vyake viwili vya baadaye vinasomeka kama masahihisho. Mwaka 1989 alitoa My Life with a Criminal: Milly's Story. Matukio ni yaleyale, lakini msimuliaji ni mwanamke aliyempenda Zollo bila kujua anaishi na nani. Mbio ambazo katika kitabu cha kwanza zilikuwa ushujaa, hapa ni kusubiri usiku kucha na uongo unaofumka mmoja baada ya mwingine. Mwaka 2004 akatoa My Life in Prison, na hapo hakuna raha ya kujificha ndani yake. Kuna viboko, kuna njaa, kuna wafungwa waliokata tamaa na wachache waliomwonyesha utu. Kilitoka mwaka mmoja baada ya Kenya kuifuta adhabu ya viboko katika sheria zake, kwa hiyo kinasimama pia kama ushahidi wa aliyeipata adhabu hiyo mwilini. Katikati ya vitabu hivyo aliandika Son of Fate (1994) na The Sinister Trophy, riwaya za kubuni zaidi. Baada ya kifungo alirudi Murang'a, akajishughulisha pia na uchapishaji wa gazeti.

Nyeri nayo ilikuwa na mtu wake katika safu hii, Wahome Mutahi, ambaye Wakenya wengi wanamkumbuka kwa vichekesho vya Whispers, safu yake ya gazetini. Alikamatwa mwaka 1986 katika msako wa Mwakenya, kundi la siri la upinzani, akafungwa miezi 15. Three Days on the Cross, iliyotoka mwaka 1991 na kushinda Tuzo ya Jomo Kenyatta, ina polisi, mateso na mahojiano, ila hakuna kosa lililotendwa. Mwaka uliofuata akatoa Jail Bugs. Kwa Mutahi, mhalifu ni yule anayeshika funguo.

Ukivipanga vitabu hivi, kuanzia Henderson hadi Mutahi, unaona kalamu ikihama kutoka kwa askari kwenda kwa mfungwa, na kubaki huko. Watu walioona korti ya Nyeri ikimhukumu Kimathi hawakuwa na sababu ya kumpa mpelelezi heshima ya kusimulia. Waliochukua nafasi yake hawakuwa watakatifu, na Kiriamiti hakudai kuwa mmoja wao.

Hapa kuna ombi kwa wachapishaji. Kila toleo jipya la My Life in Crime lingestahili utangulizi unaoeleza sheria ya wakati ule, hukumu yenyewe na mahali ambapo ukweli unaishia na ubunifu kuanza. Bora zaidi, kitabu hicho na vile viwili vya masahihisho vitolewe katika jalada moja. Na kijana atakayekiazima kwa rafiki asikirudishe kabla hajamsoma Milly na kabla hajasoma habari za viboko vile 48. Kitabu cha kwanza peke yake ni theluthi moja tu ya ushahidi.