Saba Iliyosikika Tano: Tarakimu Baina ya Rubani na Mwongoza Ndege

Tarehe 3 Septemba 1974, ndege aina ya Boeing 747 ya Shirika la Ndege la Uingereza ilikuwa ikishuka kuelekea uwanja wa Embakasi, Nairobi, ambao tangu 1978 unaitwa Jomo Kenyatta. Mwongoza ndege aliiruhusu ishuke hadi futi 7,500. Kwa Kiingereza cha redio alizitaja tarakimu moja moja: saba, tano, sifuri, sifuri. Marubani walisikia tano, sifuri, sifuri, sifuri. Waliyakariri waliyoyasikia, na ukariri huo haukusahihishwa. Uwanja wa Embakasi uko futi 5,327 juu ya usawa wa bahari; kwa hiyo ndege ilikuwa ikishuka kuelekea kimo kilicho futi 327 chini ya uwanja wenyewe. Ilipotoka mawinguni marubani waliiona ardhi wakaipandisha ndege. Zilikuwa zimebaki futi 70 hivi.

Hakuna aliyekufa, na pengine ndiyo sababu kisa hiki hakizungumzwi sana. (Kisichanganywe na ajali ya ndege ya Lufthansa iliyotokea hapo hapo tarehe 20 Novemba mwaka ule ule na kuua watu 59. Hiyo haikuwa na sababu za kimatamshi.) Lakini kwa mwanaisimu kisa cha Septemba kina faida kubwa zaidi, kwa kuwa kosa zima limo ndani ya silabi chache.

Tazama kwanza kilichopotea. Tarakimu ya mwanzo, saba, haikufika masikioni. Lau msikilizaji angepokea tu yaliyobaki, angelikuwa na tarakimu tatu: tano, sifuri, sifuri. Hakukariri tatu, bali alikariri nne. Maana yake ni kwamba sikio lilijaza pengo kwa sifuri ya ziada, likaunda namba kamili yenye umbo linalotarajiwa. Kusikia, basi, si kupokea sauti tu. Ni kutunga pia. Na namba ya maelfu kamili ni nyepesi kutungwa kuliko ile yenye mia tano pembeni. Sauti nazo zilisaidia kupotosha, maana katika Kiingereza saba na tano zote zina konsonanti /v/, na redio za wakati ule zilikuwa na mkwaruzo mwingi.

Upo udugu wa aina nyingine kati ya saba na tano, nao uko karibu nasi zaidi. Katika soko la Rodi Kopany, kwenye njia panda ambapo barabara ya Ndhiwa inaachana na ile ya Homa Bay kwenda Rongo, mtu husikia hesabu zikifanywa kwa Kijaluo, Kiswahili na Kiingereza. Kwa Kijaluo tano ni *abich*, mbili ni *ariyo*, na saba ni *abiriyo*: neno linaloonekana kubeba tano na mbili ndani yake. Kelele zikiumeza mwisho wa neno, kinachobaki ni mwanzo unaofanana na ule wa tano. Kiswahili nacho kina mtego wake. “Elfu mia mbili” ni laki mbili kwa mmoja, na kwa mwingine ni elfu moja na mia mbili. Kinachomwokoa mchuuzi ni kurudiwa kwa bei kabla fedha hazijabadilisha mikono, tena mara nyingi kwa lugha nyingine. Anayesikia “elfu mia mbili” ya kuku mmoja hahitaji sarufi kujua ni ipi.

Rubani hana kuku wa kumsaidia. Futi 5,000 ni namba halali kabisa. Juu ya Ziwa Viktoria, ambalo uso wake uko kwenye futi 3,700 na kitu, ndege inayopita mbele ya Homa Bay kwa kimo hicho ina zaidi ya futi 1,200 za hewa chini yake. Nairobi namba hiyo hiyo ni udongo.

Ajali zimezoeleka kuelezwa kwa lafudhi na Kiingereza kibovu cha wageni. Hoja hiyo ina ukweli wake. Kule Tenerife, tarehe 27 Machi 1977, walipokufa watu 583, wapo wataalamu walioona muundo wa Kiholanzi nyuma ya maneno ya rubani msaidizi wa KLM. Lakini marubani wa 1974 walikuwa wa shirika la Uingereza, na lugha iliyowaponyoka ilikuwa Kiingereza. Na tarehe 19 Februari 1989, karibu na uwanja wa Subang, Malaysia, ndege ya mizigo ya Flying Tiger, shirika la Kimarekani, iliambiwa ishuke “two four zero zero”, yaani futi 2,400. Rubani alisikia “to four zero zero”: ashuke hadi 400. Akakariri 400, asisahihishwe. Wote wanne waliokuwamo walikufa.

Mwaka 2003 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga lilipitisha kipimo cha umahiri wa lugha chenye ngazi sita, na likataka marubani na waongoza ndege wafike angalau ngazi ya nne. Masharti hayo yalianza kutumika 2008, na nchi ambazo hazikuwa tayari zikapewa muda hadi 2011. Sikipingi kipimo hicho. Naona tu kwamba uzito wake mkubwa unamwangukia mzaliwa wa Kisumu au Soroti, ilhali marubani wa visa hivi viwili huenda wangepita ngazi ya sita bila kutoka jasho. Kilichokosekana Nairobi na Subang ni sikio la pili: mwongoza ndege kuusikiliza ukariri kama agizo jipya lisilojulikana, si kama mwangwi wa sauti yake mwenyewe. Hilo halimo katika sarufi ya Kiingereza, na mitihani ya lugha tuitungayo katika idara zetu haijapata kulipima.