Mchungaji wa Stanley Falls

Ndege ikishatua Bangboka, uwanja wa Kisangani, abiria hugombea pikipiki na kukimbilia mjini. Mimi nilikwenda kwanza mtoni, kwa Wagenia, ambako wavuvi wanasimika miti minene katikati ya maji yanayofoka na kutundika madema. Nilikuwa nafuata nyayo za George Washington Williams, Mmarekani mweusi aliyefika mwaka 1890 kwenye maporomoko haya, enzi hizo yakiitwa Stanley Falls.

Alipigana upande wa Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani angali kijana mdogo, akawa mchungaji wa Kibaptisti, kisha mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika bunge la jimbo la Ohio, 1879. Na Congo? Marekani ndiyo iliyotangulia kuyatambua madai ya Mfalme Leopold, 22 Aprili 1884. Aliyeyapigia debe Washington ni seneta John Tyler Morgan wa Alabama, jenerali wa zamani wa majimbo ya utumwa, aliyetaka weusi wa Kusini wahamishiwe huku. Siasa za rangi za Alabama zilimsaidia mfalme wa Ubelgiji kujitwalia nchi asiyowahi kuikanyaga!

Mwanzoni Williams mwenyewe alimwamini Leopold. Alikwenda chuo cha Hampton kutafuta vijana weusi wa kufanya kazi Congo. Wakamuuliza maswali, akakosa majibu. Akaamua kuja kujionea.

Barua yake ya wazi kwa Leopold, yenye mashtaka 12, aliiandika Stanley Falls tarehe 18 Julai. Nayo haina simile. Anaeleza jinsi mzungu alivyoficha betri ndani ya koti, waya ukapita hadi kiganjani. Chifu akipewa mkono anarushwa na umeme, aamini kwamba wazungu wana nguvu zisizo za kawaida. Ndivyo ardhi ilivyosainiwa. Anasema pia kwamba serikali ilinunua watumwa kwa pauni 3 kila mmoja, wawe askari. Huku Ulaya mfalme alijinadi kuwa adui wa biashara ya watumwa, na tangu 1887 gavana wake hapa alikuwa mfanyabiashara wa watumwa, Tippu Tip wetu wa Zanzibar, wa kulipwa mshahara.

Magazeti ya Brussels hayakuhangaika na betri. Yalihoji kama Williams, aliyejiita kanali, alikuwa kanali kweli. Alifariki Blackpool, Uingereza, 2 Agosti 1891, akiwa na miaka 41.

Miongo saba baadaye Marekani ilirudi mjini hapa: tarehe 24 Novemba 1964 ndege zake ziliwaangusha makomando wa Kibelgiji kwenye uwanja wa Simi-Simi, upande wa pili wa mji, kuwaokoa mateka wazungu walioshikwa na waasi wa Simba. Siku hiyo aliuawa Paul Carlson, daktari mmisionari; sura yake ikapamba jalada la jarida la Time. Malcolm X, Mwislamu mwana wa mhubiri wa Kibaptisti, aliwauliza Wamarekani kwa nini wanawalilia mateka weupe, na Wakongo waliouawa kwa mabomu hawana hata wa kuwataja.