Wabenzi ni kabila gani?

Ukishuka Kigoma ukaingia Ujiji, utakutana na Waha, Wamanyema, Wabembe na wengine wengi. Sasa hebu nikuulize: Wabenzi kwao ni wapi?

Usihangaike na ramani. Mwaka 1886 Mjerumani Karl Benz alipata hataza ya gari lake la magurudumu matatu. Mwaka 1926 kampuni yake iliungana na ya Daimler, na magari yao yakaitwa Mercedes-Benz. Baada ya uhuru, gari hilo likawa usafiri wa wakubwa Afrika Mashariki. Watembea kwa miguu wakachukua jina la Benz, wakalipachika "wa-" ileile ya Waha na Wabembe. Kabila jipya likazaliwa!

Utani, ndiyo, ila una makali. Azimio la Arusha la 1967 liliwakataza viongozi mishahara miwili, hisa na nyumba za kupangisha. Kwenye masharti hayo gari la kifahari halimo. Neno "Wabenzi" lilizoa hata hilo.

Kwa hiyo ukilisikia tena, kumbuka: sifa hii ya Benz haikutoka kiwandani. Waliitunga watu ambao wengi wao hawakuwahi kulipanda.